Mkono wa Mwisho

Mafuta yalitoka tena. Yalianza kama jasho pale hedi, kifuniko cha juu cha injini, inapokutana na silinda, yakateremka polepole kwenye mapezi ya kupozea, yakadondoka sakafuni mbele ya wateja wawili na fundi wa kuchomelea aliyekuja kuazima nyundo. Fundi Dada aliyaona yakidondoka na hasira zikampanda hadi utosini, maana injini hiyo aliifunga yeye, kwa mikono yake, na hii ilikuwa mara ya tatu.

"Imevuja," akasema baba yake kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni, kana kwamba kuna mtu mwenye macho ambaye hajaona.

"Nimeona, Baba."

"Mara ya tatu hii."

"Kuhesabu najua, Baba."

Mzee akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alipofanya hivyo watu waliomzoea walijua kuna hukumu inakuja.

"Basi sikiliza. Utaifunga mara moja zaidi. Ikivuja, kazi ya kufunga injini humu ndani ataichukua mdogo wako. Wewe utashika breki na minyororo."

Alisema mbele za watu. Fundi wa kuchomelea akaanza kuikagua ile nyundo utadhani hajawahi kuona nyundo maishani. Mdogo mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Shwari kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali chini ya jua, akainama kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa tayari. Fundi Dada alichukua kitambaa akafuta mafuta, na alifuta kwa nguvu kiasi kwamba mteja mmoja alirudi nyuma hatua moja.

Ni lazima ieleweke alikuwa anatishiwa kunyang'anywa nini. Mwanamke huyu alianza kuingia katika gereji hiyo akisimama juu ya kreti la soda ili aifikie meza. Aliolewa, akaachika, akarudi, na yote hayo hayakumvua ovaroli. Alikula majungu ya kila aina: kwamba mwanamke hawezi kufungua nati iliyoota kutu, kwamba mikono yake haitampatia mwanaume mwingine, kwamba wateja watakimbia. Wateja hawakukimbia. Walikuja na pikipiki zao kongwe, zile ambazo vijana huzicheka barabarani, wakauliza, "Dada yupo?" Asipokuwepo, walikaa kumsubiri. Breki na minyororo anaweza kufunga yeyote. Injini ya kizee, ambayo hedi yake haitengenezwi tena popote, haifungwi na yeyote.

Na injini yenyewe haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya Ajuza.

Ajuza ni pikipiki ya Mzee, nyeusi, tangi lenye mikwaruzo, iliyosimama mlangoni tangu gereji ilipofunguliwa. Ndiyo iliyokuwa kibao cha biashara. Watu waliitazama Ajuza kabla hawajaingia, na chini yake hapakuwahi kuonekana tone. Kwa sababu hiyo Mzee alipewa jina la Mzee Kufuli: alichokifunga yeye, kimefungwa. Sasa chini ya Ajuza paliwekwa bati la kukingia mafuta, na kila aliyepita aliliona bati kabla ya kuiona pikipiki.

Mzee ndiye aliyemfundisha bintiye kufunga hedi, na alimfundisha kwa kelele. Safisha mashimo ya bolti mpaka yawe makavu, maana tone la mafuta likibaki chini litakudanganya kwamba bolti imekaza. Usizunguke kama mtu anayetafuta mlango; kaza hii, kisha ile ya mkabala wake, mwendo wa msalaba, ili hedi ikae chini sawasawa isipinde. Usimalize kwa pupa. Raundi ya kwanza bolti ziguse tu, ya pili zishike, ya tatu ndiyo kazi. Kisha washa injini, ipate moto, izime, uiache ipoe kabisa ndipo ukaze tena. Ikiwa na moto usiiguse, kwa sababu hedi imetanuka na bolti tayari zimevutwa. Ukizivuta tena unazinyonga, zinarefuka, na mafuta yanapata njia.

"Na nitajuaje kama imepoa?" aliuliza siku hizo, akiwa msichana.

"Weka kiganja juu yake. Kikiweza kukaa, imepoa."

"Na nitajuaje kama bolti imekaza?"

"Mkono wako utakataa. Ukikataa, na wewe kataa."

Spana ya kazi hiyo Mzee aliikata mwenyewe kwa msumeno, mpini wake ukabaki mfupi, ili hata mtu mwenye misuli asipate pa kujidai. Fundi Dada alipokuja kununua spana ya kipimo, ile inayolia ta! nguvu ikitosha, Mzee aliitazama kama mtu aliyeletewa saa ya ukutani jikoni. Lakini hakuikataza. Alichofanya ni kile alichokifanya siku zote: injini ikishafungwa, alifuta mikono, akaja na spana yake fupi, akaigusa kila bolti mara moja. Bolti ikikataa, anasema, "Hm." Huo ndio uliokuwa mkono wa mwisho. Hakuna injini iliyotoka nje bila mkono wa mwisho, na Fundi Dada aliitafuta hiyo "hm" kwa miaka mingi kuliko wengine wanavyotafuta vyeti.

Halafu siku moja, mbele ya wateja na majirani, Mzee aliitundika spana fupi kwenye msumari juu ya meza ya bintiye. "Mkono wa mwisho sasa ni wako," alisema. Akaenda kukaa kwenye kiti cha mlangoni. Fundi Dada alijifungia stoo akalia kwa furaha, akatoka na macho mekundu, akasingizia petroli.

Haikupita muda, Ajuza ikaanza kuvuja.

Safari hii ya nne aliifungua injini huku akisaga meno. Aliiweka hedi juu ya kioo bapa, akachungulia chini yake: haijapinda, au imepinda kwa kiasi cha kusameheka. Akaisugua juu ya msasa mpaka ikang'aa. Akazitoa bolti na kuzipanga kwenye kitambaa, na hapo akaona kitu kilichomfanya akae chini. Mbili zilikuwa ndefu kuliko nyingine. Kidogo tu, unene wa ukucha, lakini ndefu.

"Hizi zimevutwa," alisema.

"Labda ni uzee," Shwari akajibu kutoka chini ya pikipiki nyingine. "Hata watu hunyooka."

"Watu hujikunja wakizeeka, we mtoto. Bolti haivutiki bila mtu wa kuivuta."

"Basi labda spana yako ya mlio imechanganyikiwa. Mambo shwari tu, Dada, usijitie presha."

Fundi Dada akaipima spana ya kipimo. Haikuwa na kasoro. Akatafuta bolti nyingine, akasafisha mashimo, akaweka gasketi mpya ya kuzibia mafuta, akakaza kwa msalaba raundi zote. Akawasha, akazima, akaiacha ipoe mpaka kesho yake, akakaza tena. Kisha akavuka barabara, akaenda kwa mama wa cherehani, shoga yake wa siku nyingi, akaomba rangi ya kucha.

"Makubwa!" mama wa cherehani akapiga kofi. "Umepata mchumba?"

"Nimepata mwizi. Nipe ile nyekundu."

Kwenye kila bolti alichora mstari mwembamba uliopita kichwani mwa bolti ukaendelea hadi kwenye hedi. Bolti ikiguswa, mstari utakatika. Hakumwambia mtu.

Asubuhi ya siku iliyofuata mistari ilikuwa imekatika yote. Kila bolti ilikuwa imesogea, nyingine kidogo, nyingine kupita kiasi. Kufikia mchana bati likaanza kupokea mafuta. Bahati yake ni kwamba Mzee alikuwa amekwenda nyumbani kula. Fundi Dada aliisukuma Ajuza nyuma ya pazia la stoo, akamwendea mdogo wake.

"Mikono yako!"

"Imefanya nini?"

"Ilete niione, nyang'au wewe! Unanikazia bolti nikishaondoka. Unataka nafasi yangu, si uombe kama mwanaume? Unanichimba chini kwa chini halafu unanichekea, mambo shwari, mambo shwari!"

Shwari aliinua mikono juu kama aliyeelekezewa bunduki. "Dada, nakula kiapo. Mimi sijagusa bolti hata moja ya Ajuza."

"Nani basi? Paka?"

Macho ya Shwari yakaenda kwenye msumari, kwenye ile spana fupi, yakarudi haraka. Fundi Dada aliyaona hayo macho lakini hakuyasoma, kwa kuwa mtu aliyefura kwa hasira husoma kile alichokwisha kukiandika. Alimwita mnafiki, akamwita mchawi, akamwambia amshukuru marehemu mama yao kwamba hakumpiga spana ya kichwa. Shwari akapokea yote. Alijitia hamnazo, akaokota kitambaa, akaenda kufuta kitu kisichokuwa na vumbi.

Fundi Dada akaifungua injini tena siku hiyohiyo, akaifunga, akaiwasha, akaiacha ipoe. Kulipokucha, kabla gereji haijafunguliwa, alikuwa amekaa nyuma ya dirisha la mama wa cherehani, kati ya gauni la harusi lisilo na mikono na rundo la sare za shule, akitazama ng'ambo ya barabara. Mama wa cherehani alitaka kuzungumza. Akaambiwa anyamaze.

Shwari alikuja. Akafungua mlango wa gereji, akatazama kushoto na kulia. Nyuma yake akaja Mzee.

Ajuza ikawashwa. Mlio wake ulivuka barabara, ule mlio mzito anaoujua tangu utotoni, na kwa muda mfupi Fundi Dada alijikuta akiufurahia. Mzee aliiacha ingurume kwa kitambo kirefu, ameinamisha kichwa akisikiliza. Akaizima. Akaenda kwenye msumari, akaitungua spana fupi.

Hapo ndipo damu ilipomchemka Fundi Dada. Si kwa sababu ya bolti. Alimpa mbele za watu akamnyang'anya kwa siri! Alimvisha kilemba cha ukoka, akakaa mlangoni akimtazama anavyojiona fundi, na kila asubuhi akaja kusahihisha kazi yake kama anayesahihisha daftari la mtoto mjinga. Akavuka barabara bila kutazama magari. Alikuwa na maneno tele ya kumpa, na heshima ya mzazi ilikuwa imebaki kwa mama wa cherehani pamoja na kandambili moja.

Alifika mlangoni, akasimama.

Mzee alikuwa ameweka kiganja chake juu ya hedi. Injini imezimwa sasa hivi, joto linapanda juu yake likitetemesha hewa, mapezi yanalia tik, tik yakianza kupoa, na kiganja cha baba yake kimekaa pale, kimetulia kabisa.

"Imepoa," Mzee akasema.

Fundi Dada alisikia harufu ya ngozi inayoungua. Akakumbuka kile kidonda kwenye kiganja cha baba yake ambacho Mzee alisema ni chai, na malengelenge ya kidole gumba ambayo alisema ni chai pia, na jinsi alivyomtania kwamba ajifunze kunywa maji.

"Baba! Toa mkono!"

Mzee akashtuka, akauondoa, lakini hakushtushwa na joto. Alishtushwa na sauti. Akajikaza kama baba mwenye nyumba. "Nani amekwambia unichunguze? Nakagua kazi."

"Inaunguza, Baba."

"Imepoa. Nimepima." Na kuthibitisha, akaweka spana kwenye bolti ya karibu akavuta. Bolti ikaenda. Akavuta tena. Fundi Dada aliiona ikikaza, akauona mpini ukisita, na mkono wa baba yake ukapita pale pa kusita bila kujua kwamba pamekuwepo. Kisha kitu kikakatika ndani, mlio mdogo tu, na bolti ikaanza kuzunguka bila kushika chochote. Mzee akaendelea kuvuta.

"Unaona?" akasema. "Inakaza vizuri. Wewe unaziacha legelege."

Shwari aligeukia ukutani.

Hasira ya Fundi Dada ilikosa pa kutua. Kwa baba yake haikuweza tena, ikageuka kama ng'ombe aliyezibiwa njia, ikamvamia Shwari.

"Ulijua."

"Dada..."

"Ulijua! Umemfungulia mlango kila siku. Umesimama hapa ukimwona anaungua! Ukaniacha niitwe mzembe mbele za watu, ukainama kufunga kamba za viatu!"

"Ningemwambia nini?" Kwa mara ya kwanza Shwari hakuwa shwari. "Wewe ungemwambia? Haya, si huyo hapo, mwambie wewe!"

"Aniambie nini?" Mzee akauliza. Spana bado inazunguka.

Mama wa cherehani alikuwa amefika mlangoni na ile kandambili mkononi, akaona nyuso zao, akarudi kinyumenyume.

"Bolti imechanika meno, Baba," Fundi Dada akasema. Sauti yake ilikuwa kali, na aliiacha hivyo, maana angeilainisha tu angelia. "Inazunguka bure. Imezunguka mara nyingi sasa. Huisikii?"

Mzee akaacha kuvuta. Akaishika bolti kwa vidole vya mkono mwingine, akaizungusha kama mfuniko wa chupa. Akaona kwa macho kile ambacho mkono haukumwambia. Akakigeuza kiganja, akakitazama, chekundu, kimeanza kuvimba.

"Tangu lini?" Fundi Dada akauliza.

"Ganzi tu. Huja ikaondoka."

"Tangu lini, Baba?"

"Kabla sijakupa spana." Kisha Mzee naye akapandisha, kwa kuwa bintiye hakuiokota hasira yake barabarani. Akamgeukia Shwari, mshipa wa shingo umesimama. "Na wewe! Umeniona naiua injini yangu, ukanyamaza? Heshima gani hiyo? Ningekuwa napita na kuvunja vyombo nyumbani mngenishikia na taa?" Akaitupa spana. Ikapiga ndoo ya mafuta ya taa, ikaanguka chini. "Potelea mbali!"

Akaenda kukaa kwenye kiti chake, amewapa mgongo. Fundi Dada alimfuata na beseni la maji baridi, akamtia mkono ndani kwa nguvu, bila kumwomba ruhusa. Alikuwa bado amekasirika. Alikasirika kwamba alifichwa, kwamba alitishiwa breki na minyororo kwa kosa lisilo lake, kwamba alimwona baba yake akiungua na wa kumlaumu sawasawa hakuwepo. Alikasirika zaidi kwa sababu ile spana, siku ile alipopewa na akaenda kulia stoo, Mzee hakumpa kwa kuwa yeye ameiva. Alimpa kwa kuwa vidole vyake vimekufa. Hilo lilimchoma kuliko bati lote la mafuta, na alijua hatalisema.

Shimo lililochanika lilipelekwa kwa fundi wa kukereza, akalitanua na kulitilia kikombe kipya cha chuma chenye meno mazima. Shwari alisafisha hedi. "Futa tena," dada yake akamwambia. Akafuta tena. "Tena." Alifuta mpaka akashindwa kutania, na Fundi Dada hakumwonea huruma.

Siku ya kufunga, wateja walikuwepo, hata fundi wa kuchomelea, na nyundo bado hajairudisha. Fundi Dada alikaza kwa msalaba, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akawasha, akazima. Kesho yake wote wakarudi, na hakuna aliyekiri amefuata nini. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mkono umefungwa bendeji, anatazama barabara.

Fundi Dada aliitungua spana fupi msumarini. Akaenda nayo hadi mlangoni, akasimama mbele ya baba yake, uso wake haujakunjuka bado.

"Njoo," alisema.

"Nije kufanya nini? Si umeona mwenyewe."

"Njoo, Baba. Watu wanasubiri."

Mzee aliinuka polepole. Alipofika kwenye Ajuza mkono wake mzima ukanyooka kuelekea hedi, ukasita njiani.

"Imepoa?" akauliza kwa sauti ya chini, ili wateja wasisikie.

Fundi Dada akaweka kiganja chake juu ya hedi, akakiacha pale.

"Imepoa."

Akaweka spana kwenye bolti, akaushika mpini. Baba yake akaufunika mkono wa bintiye kwa mkono wake. Ulikuwa mzito, mkavu, na ulianza kuvuta palepale, kwa nguvu zilezile za siku zote.

"Uniambie," Mzee akasema.

Bolti ikasogea kidogo, ikasita.

"Imekataa," akasema Fundi Dada, na baba yake akaachia.